Namna ya Kuzifuata Injini za Mvuke Uingereza, Mei hadi Juni

Neno la kwanza la Uingereza nililolisoma kwa macho yangu halikuwa kitabuni. Lilikuwa kwenye kibao cha shaba, ubavuni mwa injini, Voi, mwaka 1974. Nilikuwa na miaka minane. Marehemu babangu alikuwa fayamani, yaani mchochea moto wa injini, kwenye Garratt za daraja la 59, zile ndefu zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na siku ile aliniinua begani ili nikisome: Beyer, Peacock, na chini yake Manchester. Nikamuuliza Manchester ni kitu gani. Akanijibu, "Ndiko kwao hizi."

Sasa mimi ni muuguzi hapa Manchester, mwaka wa 23 huu. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilikuwa mtaa wa Gorton. Kilianza 1854 na kikafunga 1966, mwaka niliozaliwa. Garratt za 59 zilikuwa 34, zikatoka pale 1955 na 1956, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ndugu na marafiki wanaokuja huku wakiniuliza wapumzike vipi mwanzoni mwa kiangazi, jibu langu ni moja: pandeni treni za mvuke. Shirika la reli la nchi hii liliacha kuziendesha mwezi Agosti 1968, lakini watu wa kujitolea wamezifufua kwenye vipande vya njia zilizokuwa zimefungwa, na leo unaweza kupanda karibu kila pembe ya nchi. Nimeandika hapa ninavyofanya mimi.

Na nianze na lile ninaloling'ang'ania kuliko yote. Siku moja, reli moja, injini moja. Nimewaona watu wakipanga reli tatu kwa siku mbili. Wanarudi na picha mia nne, na ukiwauliza injini ilikuwa ikisikikaje mlimani hawajui. Injini ya mvuke ni kama mgeni mzee: ukimsalimia ukiwa unaondoka hakuambii kitu. Kaa nayo tangu asubuhi hadi jioni. Ipande kwenda na kurudi, halafu ipande tena.

Kwa nini Mei na Juni

Mchana ni mrefu. Katikati ya Juni jua la Manchester huzama kama saa nne kasoro dakika ishirini usiku, kwa hiyo hata treni ya mwisho ya jioni unaiona vizuri. Reli nyingi za kujitolea hulala majira ya baridi au huendesha wikendi tu. Ikifika Mei huongeza siku za katikati ya wiki, na hizo ndizo za kutafuta. Epuka wiki ya mwisho ya Mei, kwa kuwa Jumatatu yake ni sikukuu na shule huwa zimefunga kwa siku chache. Baada ya hapo, wiki mbili tatu za kwanza za Juni, mabehewa huwa na nafasi.

Sababu ya pili watu hawaifikirii. Kile kinachoonekana cheupe juu ya dohani si mvuke wenyewe. Mvuke hauonekani. Weupe ule ni mvuke uliokutana na hewa baridi ukageuka matone. Mchana wa Julai wenye joto, injini inaweza kufanya kazi nzito na usione karibu chochote juu yake. Asubuhi ya Mei, hewa ikiwa bado na ubaridi, hutoa wingu zito lililosimama kama pamba. Kwa hiyo chukua treni ya kwanza ya siku. Treni ya saa saba mchana ni ya waliochelewa kuamka.

Ya tatu ni ukavu. Cheche moja ikiruka kutoka dohanini huwasha nyasi zilizokauka kando ya njia, na ukame ukizidi reli huziegesha injini za mvuke na kuweka za dizeli. Mara nyingi hilo hutokea baadaye kiangazini, lakini hata Juni inawezekana. Mwaka mmoja nilitoka zamu ya usiku, sikulala, nikasafiri saa tatu kwenda reli moja ya kaskazini, nikakuta dizeli imefungwa mbele. Tangazo lilikuwa limewekwa kwenye tovuti yao jana yake jioni, mimi nikiwa wodini. Tangu hapo naangalia mara mbili: usiku wa kuamkia safari, na asubuhi kabla sijafunga mlango.

Kusoma ratiba, kukata tiketi

Ratiba za reli hizi humchanganya mgeni. Utakuta kalenda ya mwezi ina rangi: siku za kijani, za manjano, za buluu, na nyingine tupu. Kila rangi ina jedwali lake la saa. Siku tupu hakuna treni. Tafuta kwanza rangi ya siku yako, kisha soma jedwali hilo tu, na ndani yake angalia ni safari zipi za mvuke na zipi za dizeli, maana siku moja huwa na zote mbili. Reli nyingine hutaja hata namba ya injini iliyopangwa. Iamini nusu. Injini yenye miaka sabini inaweza kuamka na bomba linalovuja, ikabadilishwa saa mbili asubuhi.

Tiketi nenda na ya siku nzima, ile inayokuruhusu kupanda na kushuka utakavyo. Ni ghali kidogo kuliko ya kwenda na kurudi, lakini bila hiyo ushauri wangu wote unaofuata hautakufaa. Inunue mtandaoni mapema. Hadi kufika huko utatumia treni za kawaida, na hizo kata wiki kadhaa kabla. Nauli za mapema hufunguliwa kama wiki 12 kabla ya safari na hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Mkiwa wawili mnaosafiri pamoja kila mara, kuna kadi ya punguzo ya watu wawili inayokata theluthi ya nauli. Kadi hiyo ni ya treni za kawaida. Kwenye reli za kujitolea mara nyingi haitambuliwi.

Usisafiri Jumapili ikiwa una siku nyingine. Ndiyo siku ya matengenezo ya njia kuu, na utajikuta kwenye basi la badala ya treni, ukizunguka mitaa huku saa ikienda.

Cha kuvaa na kubeba

Usivae nyeupe. Masizi ya makaa ya mawe si vumbi la kukung'uta. Yana mafuta, ukiyafuta yanapakaa. Mimi huvaa rangi iliyokoza na kujifunga leso kichwani, na leso hiyo hiyo hunisaidia upepo ukigeuka. Vaa miwani, hata ya jua, kwa sababu chembe ya makaa ikiingia jichoni itaharibu siku yako yote. Kama muuguzi naongeza: ikiingia usisugue, osha kwa maji safi mengi. Kwa hiyo beba chupa ya maji. Sweta pia, hata kama jua limewaka, maana Juni ya huku haina ahadi.

Mimi hubeba chai ya tangawizi kwenye thamosi na mahamri yaliyopikwa usiku. Beba na daftari dogo na kalamu. Nitaeleza ya nini.

Jukwaani

Fika dakika 45 kabla. Huu si muda wa kusubiri, ni nusu ya safari. Moto wa injini uliwashwa saa nyingi kabla hujaamka, kwa sababu boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji, haikubali kupashwa kwa haraka. Chuma kikipanuka upande mmoja kabla ya mwingine, viungo huanza kuvuja. Kwa hiyo ukifika utakuta wenyewe wameshafanya kazi ya siku nzima. Nenda moja kwa moja mbele, kaa upande wa chumba cha dereva, mita chache nyuma ili usiwazuie.

Watu humtazama dereva. Mtazame fayamani. Kuna kioo chembamba cha wima mbele yake, kinachoonyesha maji yaliyomo ndani ya boila. Maji yale ndiyo uhai wao. Yakishuka hata paa la tanuru likabaki wazi, chuma kitaiva na kulegea. Ndiyo maana juu ya tanuru huwekwa vizibo vya madini ya risasi vinavyoyeyuka vyenyewe na kumwaga mvuke juu ya moto, kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Fayamani anayekitazama kioo kila baada ya muda mfupi, hata anapozungumza nawe, huyo anaijua kazi.

Kisha tazama juu ya boila, kwenye vali za usalama. Zikifunguka utasikia mlio wa kukwaruza masikio na kuona mvuke ukiruka juu. Wageni hupiga makofi. Babangu aliona aibu zilipofunguka stesheni, maana ule ni moto uliopikwa mapema na maji yanayotupwa bure. Fayamani mzuri huweka mvuke karibu kabisa na kikomo bila kukigusa, akaufikisha hapo dereva anapopiga honi ya kuondoka. Nimeliona hilo likifanywa vizuri kabisa pale Bury na mwanamke wa umri wa binti yangu, na nilimwambia.

Ongea nao. Wengi ni wa kujitolea, hawalipwi, na swali zuri huwafurahisha. Usiulize "inaenda kasi gani". Uliza leo makaa yakoje. Hilo ni jambo linalowauma. Machimbo ya Ffos-y-fran kule Wales, yaliyokuwa yakitoa makaa mazuri kwa injini hizi, yalifungwa Novemba 2023, na sasa wanajifunza upya kupika kwa makaa yanayotoka nchi za nje au yaliyosagwa na kufinyangwa. Kila aina ina tabia yake. Moshi hafifu wa kijivu ni dalili ya moto unaopumua. Moshi mweusi tii unaoendelea ni makaa mengi na hewa kidogo.

Mimi nilikuwa mgeni wa makaa. Injini za babangu zilichoma mafuta mazito. Hakukuwa na beleshi bali magurudumu ya kufungulia mafuta na mvuke, na mara kwa mara walirusha mchanga tanuruni ili ukwangue masizi kwenye mabomba. Hapo moshi ulitoka mweusi kama usiku, na akina mama wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walikimbilia kuanua nguo. Harufu ya utoto wangu ni ile. Harufu ya makaa ya mawe nimeijua ukubwani, na bado nikiinusa najisikia mgeni kidogo, lakini mgeni anayependwa.

Kukaa wapi, kusikiliza nini

Behewa la kwanza nyuma ya injini, wakati wa kupanda mlima. Wakati wa kushuka, kaa popote, kunywa chai, kwa kuwa injini huwa inateleza tu na haisemi. Kwa hiyo kabla ya kwenda soma reli hiyo inapanda upande gani. Mabehewa mengi utakayokuta ni yale ya reli ya taifa yaliyoanza kutengenezwa 1951, yenye dirisha la mlango linaloshushwa. Lishushe kidogo, lakini kichwa kibaki ndani. Daraja la mawe halimkwepi mtu.

Sasa funga macho. Injini ya silinda mbili hupiga mapigo manne kila gurudumu linapozunguka mara moja, kwa sababu kila pistoni husukumwa pande zote mbili. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Yakiwa sawasawa, mafundi wameseti vali vizuri. Ukisikia pigo moja kati ya manne lina kigugumizi, kuna kitu kimelegea, na ukimwambia dereva mwisho wa safari atakutazama kwa macho mengine. Yakiwa mapigo sita, basi chini yako kuna silinda tatu.

Mlimani mapigo huwa mazito na kuachana. Ghafla yakaongeza mbio kama ngoma iliyopotewa na mpigaji, halafu kimya, halafu yakaanza tena polepole: gurudumu limeteleza. Hilo hutokea sana asubuhi yenye umande, na pengine majani yakilala relini. Dereva hupunguza mvuke, humwaga mchanga mbele ya magurudumu, hujaribu tena. Hapo ndipo utaona nani ni nani.

Daftari sasa. Kando ya njia kuna vijiti vya maili, kila robo maili kimoja. Pima sekunde kutoka kijiti hadi kijiti, kisha gawa 900 kwa sekunde hizo, utapata maili kwa saa. Sekunde 36 ni maili 25, yaani kilomita 40 hivi, na ndiyo kasi ya juu kwenye reli nyingi za aina hii. Andika sekunde za kila robo maili mlimani. Ukirudi nyumbani na namba zile utaona mlima mzima umechorwa: 38, 41, 47, 55, 52. Pale palipopungua kutoka 55 hadi 52, fayamani alipata mvuke zaidi. Mimi naweza kusoma ukurasa wa miaka kumi iliyopita na nikaisikia treni ile.

Ukitaka kurekodi sauti, weka simu mahali pakavu karibu na dirisha, upande usiopigwa na upepo, na usiseme neno. Usichomoe simu kila dakika kuangalia kama inafanya kazi.

Mwisho wa njia usikimbilie mkahawa. Shuka uone injini inavyofunguliwa, inavyozunguka kwenye njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Kijana anaingia katikati ya bafa, vile vikingio vya mgongano kati ya injini na behewa, ananyanyua mnyororo mzito kwa mkono, anakaza skrubu, anaunganisha mabomba ya breki. Ni dakika kumi tu, na ni kazi ile ile niliyoiona Voi.

Kuhusu picha nitasema machache. Simama jua likiwa mgongoni kwako. Usivuke uzio wa reli kwa sababu yoyote. Ni kosa kisheria, na treni ya kuteremka haina kelele kama unavyodhani.

Nianzie wapi

Ukiwa Manchester, anzia East Lancashire Railway. Unapanda tramu hadi Bury, takriban nusu saa, unatembea kidogo, umefika. Njia yao ni ya kilomita 19, kutoka Heywood kupitia Bury na Ramsbottom hadi Rawtenstall, ikifuata bonde la mto Irwell. Mlima si mkubwa, ila upande wa Heywood treni hukwea kuvuka juu ya njia ya tramu, na hapo utapata mapigo yako manne ya kwanza. Ni reli ya kujifunzia. Nenda nayo hata mara mbili.

Ya pili iwe Keighley & Worth Valley, kule Yorkshire. Treni ya kawaida kutoka Leeds inakushusha Keighley, na reli yao iko stesheni hiyo hiyo, majukwaa ya ng'ambo. Ina kilomita nane tu, lakini karibu zote ni za kupanda, na kazi huanza mara tu treni inapoacha jukwaa. Njia ilifungwa 1962, wenyeji wakaichukua, wakaifungua tena Juni 1968. Stesheni zake bado zina taa za gesi na vyumba vya kungojea vyenye meko. Kaa mbele hadi Oxenhope, shuka nayo hadi Haworth, subiri treni inayofuata darajani uitazame ikipanda. Hapo sauti inakufikia kabla ya moshi.

Siku ya mvua, na itakuwepo, nenda York kwenye makumbusho ya taifa ya reli. Kuingia ni bure. Kila mtu ataenda kuitazama Mallard, iliyofika kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, rekodi ambayo hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuivunja. Itazame. Kisha tafuta ile injini kubwa nyeusi ya China, ya daraja la KF7. Ilitengenezwa 1935 na Vulcan Foundry, kiwanda cha Newton-le-Willows, na kiwanda hicho hicho ndicho kilichotuletea injini za daraja la 31 Afrika Mashariki. Simama karibu na magurudumu yake. Ni yangu hayo maoni, lakini kwa ukubwa wa mambo naona Mallard ni farasi na ile ni ndovu.

Njia ya Settle hadi Carlisle, kilomita 116, si ya kujitolea. Ni njia ya kawaida yenye treni za kila siku, na mara nyingine treni maalumu ya mvuke. Tiketi za treni maalumu ni ghali sana. Mimi hupanda ya kawaida hadi Ribblehead, nateremka, nakaa majanini kuitazama ile ya mvuke ikivuka daraja la matao 24. Zaidi ya watu mia walikufa kwenye kambi za wajenzi pale miaka ya 1870. Sisi watoto wa reli ya Mombasa, iliyolaza karibu wafanyakazi 2,500, tunajua mawe kama yale yana gharama gani.

Wales, kwa ajili ya Garratt

Hii weka mwisho, wiki ya pili au ya tatu ya Juni, na ipe siku mbili. Kutoka Manchester panda treni ya Llandudno Junction, badili hapo uchukue ya Blaenau Ffestiniog. Njia inafuata bonde, inaingia handaki la zaidi ya kilomita tatu, na unapotoka upande wa pili dunia imekuwa ya kijivu: vilima vizima vya mabaki ya mawe ya kuezekea. Stesheni ya Ffestiniog Railway iko papo hapo. Njia hii ilifunguliwa 1836. Magari yaliyojaa mawe yalishuka yenyewe hadi baharini kwa mteremko, na farasi waliovuta matupu kwenda juu nao walipewa gari lao la kushukia. Injini za mvuke zikaja 1863. Njia ni nyembamba ajabu, milimita 597. Yetu ya zamani ilikuwa 1,000 na bado wazungu waliiona nyembamba. Mwisho wake unavuka tuta refu lililozuia bahari, unaingia Porthmadog. Lala hapo.

Asubuhi yake panda Welsh Highland Railway, kilomita 40 hadi Caernarfon. Hapa ndipo Garratt zilipo, daraja la NGG16, zilizofanya kazi Afrika Kusini. Namba 87 ilitengenezwa Ubelgiji. Namba 138 na 143 zilitoka Gorton mwaka 1958. Ipi itakuvuta ni bahati ya ratiba.

Nieleze Garratt ni nini kwa asiyejua. Herbert William Garratt alikata hataza yake 1907. Boila moja inaning'inia katikati, kama machela, juu ya injini mbili ndogo, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda na magurudumu yake, zinazojigeuza kila moja kivyake. Hivyo mashine ndefu inapinda kwenye kona kali, na uzito wake unatawanywa juu ya reli nyepesi. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila linaweza kuwa nene na tanuru likawa pana. Ndiyo maana zilifaa kwetu, kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, kilomita 530 za kupanda. Za 59 zilikuwa na tani 252. Hii ya Wales ina karibu robo ya uzito huo.

Lakini sauti! Injini mbili, mapigo manne kila moja, na hakuna kinachozifunga pamoja. Zinaanza zikienda sawa, pigo juu ya pigo, unasikia manne mazito. Kisha moja inaanza kuitangulia nyingine kidogo kidogo, mapigo yanagawanyika, yanakuwa manane mepesi, yanachanganyika kama watwangao kinu kimoja kwa michi miwili, halafu taratibu yanarudi kuwa manne. Ni injini chache sana zinazofanya hivyo. Voi tulikuwa tukiisikia usiku, mbali, na mamangu angesema, "Inakuja," akaweka sufuria ya chai.

Treni inaondoka Porthmadog ikivuka barabara kuu ya mji, magari yamesimama. Inapita tambarare, inaingia kwenye korongo la Aberglaslyn na mahandaki yake, inafika Beddgelert. Hadi hapo pumzika. Beddgelert hakikisha uko behewa la kwanza, simu imewekwa, daftari limefunguliwa. Kutoka hapo njia inapanda msituni mita moja kwa kila mita 40, ikijikunja na kujikunjua hata unaiona injini yako mwenyewe dirishani ikija upande mwingine. Ukitoka msituni mlima Yr Wyddfa uko kuliani, na Rhyd Ddu iko mbele.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa 143. Pale Caernarfon, chini ya ngome, nilienda ubavuni mwake nikatafuta kibao. Nilikisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Dereva aliniuliza kama niko sawa. Nikamweleza babangu alikuwa nani, akaniita juu, akanionyesha mahali fayamani anaposimama.

Kurudi, chukua basi kutoka Caernarfon hadi Bangor, kisha treni. Angalia saa za basi la mwisho kabla hujaanza kutembea mjini.

Nilipofika nyumbani usiku nilimtumia mamangu, aliyeko Voi, ile sauti niliyoirekodi njiani. Alinipigia asubuhi. Akauliza inavuta mabehewa mangapi, nikamwambia kumi. Akauliza tena wale wanaoongea ni akina nani, maana wamefunika pale mapigo yanapogawanyika. Walikuwa abiria wa meza ya pili. Wiki mbili baadaye, Jumatano, nilirudi, nikakaa kona ya mbele kabisa ambako hakukuwa na mtu, nikarekodi dakika kumi na moja kutoka Beddgelert kwenda juu. Hiyo anayo kwenye simu yake.